Mtaro wa Libérat

Pétronille alijua mumewe amefanya nini kabla hajaambiwa. Thaddée alirudi kutoka shambani jua likiwa kichwani, jembe lake limeshika tope bichi, na siku hiyo haikuwa zamu yao ya maji. Kijiji kizima, kuanzia kanisani mpaka barabara ya Lubarika, udongo ulikuwa mkavu kama mfupa. Tope lilikuwa limebaki mahali pamoja tu: pale mtaro ulipotoka katika shamba lao ukaingia shamba la jirani yao Libérat.

"Umeziba," alisema Pétronille.

Thaddée aliliegemeza jembe ukutani, akavua kofia. "Komite njo imesema."

"Komite haina mikono. Mikono ni yako."

"Sasa weye ulitaka nifanye nini, Mama Ernestine? Octave amesema mbele ya watu: mwenye hataziba, na yeye maji yake itakatwa. Vijana wake walisimama pale na fimbo. Ningesema nini?"

Pétronille alimpa maji ya kunawa, akageuka kuchochea moto, maana hakujua hasira yake aimwage wapi.

Uwanda wa Ruzizi una ukaidi wake. Ukisimama mahali palipoinuka unaliona ziwa kusini likimetameta, na upande wa mashariki mto Ruzizi unapita mwaka mzima. Lakini ziwa liko mbali, na mto umejichimbia chini sana, wala hakuna awezaye kuyapandisha maji yake. Mvua nayo huishia milimani. Mawingu huja yakapita juu ya vichwa vya watu, yakaenda kunyesha kwingine. Zamani pale palikuwa mahali pa miiba na nyoka, mpaka mfereji ulipochimbwa kutoka chini ya mlima, ukauteka mto mdogo unaoshuka kwa kelele, ukaugawa taratibu hadi mashambani. Penye kila shamba pana ubao. Ukiinua ubao unakula, ukiushusha unangoja.

Mbelgiji aliyekuwa akisimamia mfereji aliondoka mwaka wa uhuru, na kwa miaka michache watu waliendelea kwa mazoea. Kisha uasi ukaja. Vijana waasi wakaushika mji wa Uvira, chefu aliyetawala eneo akakimbia, na mambo yote, toka ndoa hadi maji, yakaangukia mikononi mwa komite. Mkubwa wake alikuwa Octave, aliyekuwa moniteri wa pamba enzi za Wabelgiji, mtu wa kupita mashambani akikemea watu wazima kwa ajili ya magugu mawili. Kiangazi hicho mto ulipungua, na mdomo wa mfereji ulikuwa umejaa mchanga, maana hakuna aliyeusafisha. Ilitakiwa watu wapande mlimani na majembe. Badala ya kutoa mchanga, komite ikatoa watu. Ilisemwa kwamba familia za Warundi zina ndugu ng'ambo ya Ruzizi wanaopeleka habari kwa askari wa serikali. Basi mashamba yao yasinyweshwe tena.

Libérat alikuwa mmoja wao. Alizaliwa palepale, akabatizwa parokia moja na Thaddée, na shamba lake lilikuwa la mwisho kabisa, mkiani mwa mtaro. Maji hayakuwa na njia nyingine ya kumfikia ila kupitia kwa Thaddée.

Consolate, mke wa Libérat, alikuja baada ya siku chache. Hakuja kuomba maji. Aliomba kaa la moto, akasimama nalo mlangoni, kwenye kipande cha chungu, mpaka kaa likaanza kufa.

"Ingia ukae, Mama Nkeshimana," alisema Pétronille.

"Nimefika tu." Alimtazama Thaddée aliyekuwa anakula. "Baba Ernestine, habari ya kazi?"

"Nzuri," Thaddée alisema bila kuinua macho.

"Mupunga yetu iko na mimba." Consolate alilisema polepole, kama mtu anayetoa habari za mgonjwa. "Ikikosa maji sasa, itatoka mapepe matupu."

Thaddée alitafuna muda mrefu. "Umuone Octave," alisema hatimaye. "Minye sina neno."

"Nitamuona."

"Nitakusindikiza," alisema Pétronille.

Thaddée alirudisha tonge sahanini. Hakukataza, lakini chakula hakukimaliza.

Komite ilikaa katika nyumba ya matofali iliyokuwa ghala la pamba. Wanawake wale wawili waliachwa juani huku Octave akizungumza na vijana wake barazani. Benchi lilikuwepo kivulini, lakini hakuna aliyewaonyesha. Consolate alikuwa na kuku kwapani, amemfunika kwa upindo wa kitambaa. Njiani Pétronille alimwambia amrudishe nyumbani, naye akajibu kwamba mikono mitupu haisikilizwi.

Octave alipowageukia, aliwageukia kwa adabu. "Wamama, munataka nini?"

Consolate alipiga magoti. Pétronille alibaki amesimama. Aliona haya kusimama peke yake, kisha akaona kupiga magoti kungekuwa haya kubwa zaidi, akabaki vivyo hivyo.

"Tunaomba zamu moja tu, chefu. Mupunga itoe mbegu."

"Maji ni ya wenye inchi."

"Baba yangu alichimba huu mufereji. Alipigwa fimbo juu ya huu mufereji."

"Walichimba wengi. Muzungu aliwalipa." Kisha sauti yake ikalainika. "Ile kona yenu iko na udongo mweusi, si vile? Haina chumvi?"

"Haina, chefu."

"Ndivyo nilisikia."

"Na maji?"

"Komite itaona." Alimwashiria kijana mmoja, naye akamchukua kuku na kumpeleka nyuma ya nyumba.

Walitembea mpaka ghala likafichwa na minyaa ya njiani. "Hakukataa," alisema Consolate.

"Hakukubali pia. Umesikia ameuliza udongo?"

"Nimesikia." Consolate alijifuta vumbi magotini, akalifuta tena hata mahali ambapo halikuwepo. "Usimwambie bwana yangu kama nilipiga magoti."

Zamu ya Pétronille na mumewe ilifika siku ambayo Thaddée alikuwa ameitwa na vijana kwenda kulinda daraja. Pétronille akaenda shambani peke yake, akainua ubao. Maji yalikuja membamba, ya rangi ya udongo, yakaingia jaruba la kwanza, yakajaa, yakamwagikia la pili. Mpunga wake ulikuwa umesimama vizuri, matumbo ya mabua yamevimba. Ng'ambo ya tuta, mpunga wa Libérat ulikuwa umekunja majani mpaka yakawa kama sindano, na ardhi imepasuka nyufa za kuingia mkono. Libérat mwenyewe alikaa juu ya tuta, jembe limelala miguuni pake. Tangu mtaro uzibwe alikuwa hajaja hata mara moja kulalamika.

Pétronille hakuwa mtu wa kujidanganya. Alitazama majaruba yake ya mwisho, ambayo yalikuwa bado hayajanywa, akalitazama jua. Maji hayakutosha mashamba mawili. Akiyagawa, yeye atavuna pungufu, na nyumbani kwake watoto hawakuwa na akiba ya kitu kingine chochote ila mihogo iliyokwisha kuwa migumu kama kuni. Alisimama pale mpaka maji yakaanza kulowesha vidole vya miguu yake. Ndipo akaenda kwenye kizibo.

Thaddée alikuwa amekiziba vizuri, kama alivyofanya kila kazi yake: mawe chini, nyasi katikati, udongo wa mfinyanzi juu. Kukibomoa kulimchukua muda mrefu kuliko alivyodhani.

Libérat alisimama. "Mama Ernestine, acha. Watakuona."

"Waone. Hii ni zamu yangu. Maji ya zamu yangu naweza kuimwaga hata barabarani."

"Watakutesa juu yetu."

"Baba Nkeshimana, maji inapotea. Chukua jembe."

Akalichukua. Mwanzoni maji hayakutandaa hata kidogo. Yalizama katika nyufa kwa sauti ya mtu anayekunywa kwa pupa, na ardhi ikayameza kama haitashiba. Consolate alitoka nyumbani mbio na jembe lake. Wote watatu waliyaongoza, jaruba hadi jaruba, wakifungua hapa na kuziba pale. Juu ya njia ya mfereji kijana mmoja wa Octave alipita na baiskeli. Alisimama, akaweka mguu chini, akawaangalia. Kisha akaondoka, wala hakuwa na haraka.

Asubuhi yake alikuja mjumbe. Aliyeitwa alikuwa Thaddée, siye Pétronille. Pétronille alimfuata nyuma hivyo hivyo, akijifunga kitambaa kiunoni njiani.

Watu walikuwa wamejaa mbele ya ghala. Octave aliuliza kwa sauti ya kila siku, "Nani alifungua mtaro?"

Pétronille alisogea mbele. Alikuwa amefungua kinywa Thaddée aliposema, "Ni minye."

"Weye ulikuwa darajani."

"Nilimutuma bibi yangu. Nilimwambia afungue. Bibi anafanya yenye bwana yake anasema."

Wengine walicheka chini chini, maana walimjua Pétronille. Octave hakucheka. Alijua ni uongo, lakini ulimfaa. Mwanamume akipigwa, wanaume wengine hukumbuka. Thaddée alilazwa chini pale pamba ilipokuwa ikipimwa zamani. Aliyepewa fimbo alikuwa kijana wa ukoo wake mwenyewe, aliyekuwa akimwita baba mdogo. Alipiga akitazama pembeni. Thaddée alilia mara moja tu, mwishoni, na hiyo sauti Pétronille hakuwa ameisikia kwake hata siku mama yake mzazi alipozikwa. Baada ya hapo ubao wa shamba lao ulipigiliwa misumari. Hawatapata maji mpaka mavuno.

Nyumbani Pétronille alimlaza kifudifudi, akampaka mawese ya vuguvugu mgongoni.

"Juu ya nini ulisema vile?" aliuliza.

"Wangekupiga weye."

"Ningepigwa."

"Njo maana sikutaka." Thaddée alivuta pumzi kwa meno. "Lakini usiwaze kama nimesema ulifanya muzuri. Umetunyima chakula, Mama Ernestine. Nimelala mu vumbi mbele ya watoto ya watu, na chakula hatuna."

"Najua."

"Ungeniambia kwanza."

"Ningekuambia, ungekataza."

Thaddée aligeuzia uso ukutani, maana lilikuwa neno la kweli. Pétronille aliendelea kumpaka, mkono wake ukizunguka mahali palipochubuka, na kwa siku nyingi baada ya hapo walizungumza tu habari za kuni na za watoto.

Mpunga wao ukageuka mweupe kabla ya wakati. Majaruba ya juu, yaliyokuwa yamekunywa vizuri, yalitoa kiasi. Mengine yalitoa mapepe, mashuke mepesi yaliyosimama wima kwa kuwa hayakubeba kitu. Ng'ambo ya tuta mashuke ya Libérat yaliinama. Si yote, lakini mengi yaliinama. Kila asubuhi Thaddée alipita pale akasimama kidogo kuyatazama, na usoni pake mkewe hakuweza kusoma chochote.

Kisha habari zikaja kwamba askari wa serikali wanateremka kutoka Bukavu, wamefika Kamanyola. Kijiji kikaanza kumwagika. Wengine walishika njia ya milimani, wengine walikimbilia bandari ya Kalundu wakitumaini kupata nafasi kwenye boti. Octave na vijana wake walitangulia wote. Ghala lilikutwa wazi, benchi limepinduka. Familia za Warundi zikakusanyika kuvuka Ruzizi.

Libérat na Consolate walipita kwa Pétronille wakiwa na mizigo kichwani. Mpunga wao ulikuwa umeanza kushika rangi ya dhahabu, umebakiza siku chache tu.

"Mupunga ni yenu," alisema Libérat. "Mukipata nafasi ya kukata, mukate."

"Tutaigawa," alisema Pétronille.

"Mutaigawa na nani? Sisi hatuko."

Thaddée alikuwa amesimama mlangoni. Tangu siku ya kizibo alikuwa hajazungumza na jirani yake. "Libérat," alisema. "Ule mtaro ni minye niliziba."

"Najua. Niliona mawe. Hakuna mwingine hapa anapanga mawe vile."

Thaddée aliinamisha kichwa. Libérat alishusha mzigo, akampa mkono, naye akaupokea kwa mikono miwili, akaushika kwa muda mrefu kuliko inavyokuwa desturi. Consolate na Pétronille waliagana kwa kukumbatiana tu. Baadaye wale wakaonekana wadogo katika nyasi kavu, wakielekea mtoni, mtoto wao Nkeshimana akiburuta mkeka nyuma.

Mpunga ule ulikatwa kabla ya siku zake, huku milio ya bunduki ikisikika upande wa barabara. Thaddée hakuweza kuinama kwa muda mrefu tangu kile kipigo, kwa hiyo alikata akiwa amepiga magoti, akisogea kwa magoti kutoka jaruba hadi jaruba katika shamba alilolikatia maji. Waliupura harakaraka juu ya mkeka, wakaubeba, wakapanda milimani na watoto. Huko waliishi kwenye vibanda vya majani miezi mingi, katika baridi ambayo watu wa uwandani hawakuizoea, na watoto wa wengine walikufa. Wa kwao hawakufa. Wali waliokula ulikuwa wa Libérat. Wa kwao wenyewe ulikwisha mapema sana. Pétronille alilijua hilo na Thaddée alilijua, wala hakuna aliyelitamka.

Waliporudi, nyumba ilikuwa imeungua paa. Miiba ilikuwa imeshaanza kuchipua ndani ya majaruba, maana nchi ile haingoji; ukiiacha msimu mmoja tu bila maji, inarudia hali yake ya zamani. Mfereji ulikuwa umebomoka kingo kwa kwato za ng'ombe na umejaa mchanga hata mtu aliweza kutembea ndani yake kama njiani.

Serikali ikatuma agronome, yaani bwana shamba, kutoka Bukavu, kijana Mkongo mwenye suruali iliyopigwa pasi. Aliwaita watu kwenye mfereji, akaeleza kwamba kazi imegawanywa. Kila mwenye shamba ana sehemu yake ya kusafisha. Maji yatafunguliwa Jumamosi. Ambaye sehemu yake haitakuwa tayari, shamba lake litapewa mwingine.

Pembeni yake alisimama Octave. Alikuwa amenyoa nywele na kuvaa shati safi. Ndiye aliyewajua wenye mashamba wote, basi ndiye aliyeita majina. Watu walimwona, wakatazama majembe yao. Miezi ile ilikuwa imefanya mambo mengi, na wengi pale walikuwa na jambo ambalo hawakutaka litajwe.

"Thaddée."

"Iko."

"Libérat Nshimirimana."

Octave hakungoja sana. Alimgeukia agronome. "Huyu alivuka ng'ambo. Shamba halina muntu. Kuna ndugu yangu, mufanyakazi muzuri, anaweza—"

"Iko," alisema Thaddée.

Watu wakageuka. Octave alimtazama kwa mara ya kwanza tangu warudi. "Libérat iko wapi?"

"Ng'ambo. Atarudi. Sehemu yake nitasafisha minye."

Agronome alimwangalia Thaddée toka juu hadi chini, akaiona shingo iliyokonda na namna alivyouegemea mpini wa jembe. "Papa," alisema kwa upole, "leo ni Alhamisi. Muntu mumoja hawezi sehemu mbili."

Thaddée alijua kwamba hawezi.

Pétronille alikuwa nyuma pamoja na wanawake walioleta chakula. Kusafisha mfereji kulikuwa kazi ya wanaume. Mwanamke aliyeshuka mle alisemwa. Alimkabidhi sufuria jirani aliyekuwa karibu, akachukua jembe lililoegemezwa kwenye mti bila kuuliza ni la nani, akapita katikati ya watu.

"Tuko wawili," alisema.

Octave alitaka kusema neno, lakini agronome alikuwa ameshageukia jina linalofuata. "Sehemu ni sehemu," alisema. "Ikisafishwa, shamba iko na mwenyewe."

Waliondoka kufuata mfereji. Sehemu yao ilikuwa karibu, penye kivuli kidogo cha asubuhi, na mchanga wake haukuwa mwingi. Mtu angeweza kuimaliza na kupata nafasi ya kupumzika. Pétronille alisimama pale. Thaddée hakusimama. Aliendelea kutembea polepole, mkono mmoja kiunoni, mpaka mbele kule, kwenye sehemu ya Libérat, kingo zilipobomoka na mchanga ukajaa hadi juu, akajishusha kwa kushikilia nyasi, akaanza kuchimba. Mkewe alimfuata. Alipofika, Thaddée alisogea, akamwachia upande wenye mchanga laini.